Firigisi Aliyopewa Mgeni

Kuku ana firigisi moja tu. Angejaliwa mbili, nadhani ukoo wetu ungekuwa na amani hadi leo.

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Busia ukishapita Burumba, firigisi ni ya mwenye boma. Sisi wanawake tutamkimbiza kuku, tutamnyonyoa, tutampika na kuonja mchuzi, lakini kipande kile hatukigusi. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote na akafa bila kujua ladha ya firigisi. Mimi nilirudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nikachukua mwiko wake, na sheria ikabaki ile ile. Firigisi inawekwa juu ya sahani ya baba na baba anaila mwisho, polepole, huku mdogo wake akimtazama.

Mdogo wake ndiye baba mdogo. Boma lake liko upande wa pili wa ua wa michongoma, na kwenye ua huo kuna mwanya ambao hakuna aliyewahi kuuziba. Kila jioni aliupita, akaketi kwenye kiti chake barazani kwetu, kiti cha mbao kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli, akaletewa chai. Wamebaki wawili tu kati ya watoto wa bibi yangu. Siku za kuku utani ulikuwa mmoja.

“Hiyo kitu,” baba mdogo alisema akiionyesha kwa kidevu, “siku utaenda, nitaikula hata kabla hujaoshwa.”

“Utangoja sana,” baba alimjibu huku akitafuna, na wote wawili wakacheka mpaka baba akakohoa. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa jikoni na kuona kwamba sijakosea kurudi nyumbani.

Halafu akaja Daktari.

Si daktari wa sindano. Tulisoma naye darasa moja shule ya msingi. Kwao ni Khunyangu. Alisoma historia mpaka akapewa udaktari, na alipoanza kuitwa hivyo kina mama sokoni walimfuata kumwuliza dawa ya mgongo. Alikuja dukani kwangu, duka la vitabu na vifaa vya shule, akaniambia anaandika vitabu viwili kwa pamoja. Kimoja ni cha Mlima Elgon, mlima ambao zamani za kale ulikuwa ukitema moto, na watu walioishi kwenye mapango yake. Cha pili ni cha kikosi cha Waafrika ambacho Mwingereza alikichukua kwenda kupigana Burma. Alikuwa akiwatafuta watoto wa askari wale kabla hawajaisha.

“Dada, si babu yako alienda Burma?” aliniuliza.

Nilifurahi mno. Miaka yote nimeuza vitabu vya historia vya shule, na sijawahi kuona ndani yake mtu wa kwetu hata mmoja. Nilifunga duka mchana, nikampeleka nyumbani kwa baba mimi mwenyewe.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa Malaba kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Baba alimpokea mgeni kama mwana aliyepotea, akamshika jogoo mkubwa, nikapika. Tulipoketi kula, baba alichukua firigisi kwenye sahani yake akaiweka kwenye sahani ya Daktari.

Nilishtuka. Sikuwahi kumwona akimpa mtu, hata mchungaji. Kwetu mwanamume aliyekula firigisi ya boma amekuwa mtoto wa boma. Hawezi kutoka pale akalisema vibaya. Daktari ni Mluhya, hakuhitaji kufundishwa. Aliishika kwa mikono miwili, akasema asante mzee, akaila.

Ndipo baba akafungua kinywa.

Sehemu ya kwanza ya hadithi niliijua, kwa sababu nilikua nikilifagia kaburi la babu. Babu alikwenda vitani, vita vikaisha, wenzake wakarudi bila yeye. Walingoja. Wazee wakasema boma haliwezi kukaa na mfu asiyezikwa, na kwa kuwa mwili haukuwepo, wakafanya kama kwetu inavyofanywa: wakakata mgomba, wakaulilia, wakauzika kama mtu. Ila waliokwenda kuukata walikuwa na haraka, au walikuwa wamekunywa, wakaung'oa pamoja na mizizi. Kwa hiyo hawakuzika, walipanda. Mvua ziliponyesha kaburi likachipua, na mpaka leo kaburi la babu ni kichaka cha migomba. Ndizi zake hatuli. Tangu nikiwa mdogo zinapelekwa sokoni mpakani, na nina hakika Waganda wengi wameshakula matoke ya marehemu bila kujua.

Baada ya mazishi, bibi alirithiwa na mdogo wake babu, kwa desturi. Wakazaa. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa ikiishia.

Lakini siku hiyo baba hakuishia hapo. Alisema babu alirudi.

Alikuwa amelazwa hospitali za mbali, akapelekwa huku na kule, akafika nyumbani jioni moja na koti la jeshi, akakuta wazee langoni. Walimwambia: sisi tumekuzika. Mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti lango la boma, akilipita analeta vifo. Walimwonyesha mgomba. Inasemekana aliutazama sana, akauliza kama mke wake ni mzima, wakamwambia ni mzima na ana mume. Akageuka. Alikwenda mpaka Elgon, akaishi huko juu kwenye mapango na wachunga ng'ombe, na kazi yake ikawa kuwavunia watu viazi.

“Lakini mama alijua,” baba alisema. “Alikuwa anauza samaki wakavu. Alianza kuwapeleka mbali, mpaka soko ya Angurai, akisema huko bei ni nzuri. Alikuwa analala Malaba kwa rafiki yake wa Kiteso, kesho anapanda Angurai. Na baba yangu alikuwa anashuka kutoka mlima siku ya soko.”

Alijipangusa mdomo.

“Mimi nilizaliwa hivyo. Mimi ni mtoto wa huyo mwenye alizikwa. Mama aliniambia akiwa anakufa. Baba mlezi wangu hakujua. Na ndugu yangu hapo ng'ambo ni damu ya huyo baba mlezi, na yeye hajui.”

Nilikuwa nimekaa mlangoni na sufuria mkononi. Baba yangu alikuwa amebeba jambo hilo umri wangu wote, na mimi nikadhani namjua.

“Kijana yangu,” akamwambia Daktari, “hiyo ya mwisho usiandike. Ndugu yangu anajua mama alikuwa mke mzuri kwa baba yake. Wacha aende kaburini akijua hivyo.”

Daktari alimshika mkono. “Mzee, nimekula kwako. Kwa kitabu ya vita hiyo maneno haitaingia. Naapa mbele ya Mungu.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Baba alionekana amepona kweli. Usiku ule hata kikohozi hakikumsumbua.

Vitabu vilipotoka, Daktari aliniletea katoni mbili niviuze dukani. Viliwekwa mbele kabisa, juu ya kalamu na madaftari. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukifungua kile cha vita na kukisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilimkuta babu kati ya wale ambao hawakurudi. Mgomba ulikuwemo, kwa heshima, na baada yake hakuna neno. Nilishusha pumzi. Nilimbariki Daktari na uzao wake wote.

Siku hizo dukani kulikuwa na raha. Wazee waliingia wakiegemea fimbo, wakaomba waonyeshwe picha za askari, wakazigusa kwa vidole. Mama mmoja kutoka Angurai alilia pale pale kwenye kaunta kwa kuwa alidhani amemwona baba yake. Hatimaye tumeandikwa, nilijiambia.

Baba mdogo naye alikuja. Yeye hakutaka vita, alitaka mlima. Ujanani alikata mbao huko, na alitaka kujua kama mwandishi amesema kweli. Nikampa kile cha mlima bure, kama zawadi, kwa mkono wangu huu.

Kikawa ndiyo burudani ya baraza. Baba mdogo anasoma polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na kila jioni alitusimulia alikofika. Mara mlima ulikuwa mrefu kuliko milima yote kabla haujalipuka. Mara ndovu wanaingia mapangoni gizani kulamba chumvi kwenye mawe.

“Huu mlima ulikuwa moto tupu,” alimwambia baba. “Sasa umelala. Lakini huyu kijana anasema mlima kama huu huwezi kujua umelala aje.”

“Wewe ndiyo umelala,” baba alimjibu. “Kunywa chai.”

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu. Aliingia kununua chaki, akaniambia huku akitabasamu, “Kumbe ile ndizi ya kwenu iko na story tamu hivyo? Nimesoma jana. Bibi yako alikuwa moto.”

Nilimwuliza amesoma wapi. Akanyoosha kidole kwenye kitabu cha mlima.

Sura ya mapango. Daktari hakutaja jina la mtu, wala hakuhitaji. Alimwandika mwanamke muuza samaki wakavu kutoka mpakani. Aliandika kaburi lililochipua. Aliandika soko la Angurai na askari aliyeshuka mlimani kukutana na mke wake mwenyewe kwa siri, na mtoto aliyezaliwa, na ndugu wawili wazee ambao hadi leo wanakunywa chai baraza moja, mmoja akijua na mwingine hajui. Sehemu hiyo aliiandika vizuri kuliko zote, mshenzi yule. Na mwishoni akasema alielezwa haya na mwana mwenyewe, ambaye alimpa firigisi, heshima isiyo na kifani.

Kitabu cha vita alikitunzia kiapo. Kitabu cha mlima hakukiapia.

Nilifunga duka nikapanda bodaboda, nikimwomba Mungu baba mdogo awe bado kwa ndovu. Nilikuwa nimepanga kusema nakihitaji kile kitabu, kina kasoro, nitamletea kingine, halafu nisilete. Nilipofika, baba mdogo alikuwa amesimama uani kwetu, hakuketi. Kitabu kilikuwa kwapani. Baba alikuwa kwenye kiti chake akitazama chini.

“Mambo ya mama na baba yangu ni yao,” baba mdogo alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. “Wako kwa mchanga, watamalizana huko. Mimi nauliza wewe.”

“Sikutaka kukuumiza,” baba alisema.

“Tumekaa hapa tangu tukiwa watoto. Nilikuzikia mke. Wewe ulinizikia watoto. Mgeni anakuja siku moja, unampa kila kitu. Unampa mpaka firigisi.” Hapo ndipo sauti ikamkatika. “Mimi hata ungeniambia ukiwa umelewa, ningejua uliniambia.”

Baba alitaka kusimama, goti likamkataa. Nilimkimbilia kumshika, na nilipoinua uso baba mdogo alikuwa ameshapita kwenye mwanya. Kesho yake asubuhi tulikuta ameuziba kwa matawi ya miiba.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata kwa yule niliyeachana naye. Yule alinidanganya mimi tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguoni nilimtia mwenyewe. Nilimfungulia mlango, nikampikia. Niliposikia Daktari yuko Malaba, akielekea Uganda kuzindua kile kitabu cha mlima kwa kuwa mlima ni wa nchi zote mbili, nilifunga vitabu vyake vyote vilivyobaki kwenye katoni, nikavipandisha bodaboda pamoja nami.

Nilimkuta hotelini, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka. Alikuwa akinywa chai kwa chapati. Alisimama na kunikumbatia.

“Dada yangu! Kitabu ya mlima inaenda, sivyo? Hiyo ndiyo watu wanapenda.”

“Ulimwapia baba yangu.”

Alikaa. Alinitazama kwa upole, kama wasomi wanavyowatazama watu wasiosoma sana.

“Niliapa kwa kitabu ya vita. Si umesoma? Sikuweka hata neno moja.”

“Uliweka kwa ile nyingine.”

“Dada, sikutaja jina. Na hiyo ni history, si ya mzee peke yake. Ni yetu sisi wote. Ingepotea.”

“Na firigisi, ilikuwa ya sisi wote?”

Alikata kipande cha chapati, akakiacha kwenye sahani. Kwa kitambo kifupi nilidhani ameona aibu, nikangoja. Kisha akasema, “Mwambie mzee nitampelekea copy. Nitaisign.”

Niliiweka katoni juu ya meza yake, chai ikamwagika, nikatoka. Madereva wa malori walinipigia honi kwa sababu nilivuka barabara bila kutazama. Njia nzima nilikuwa nikilia, na kijana wa bodaboda akaniambia, “Pole mama,” bila kugeuka.

Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba mtu aliyekula kwetu angeomba msamaha. Daktari anajua desturi zote za mlima na za uwanda, ameziandika, ana picha zake. Hakuna hata moja inayomshika yeye.

Nyumbani, jioni zikawa ndefu. Baba aliendelea kutoa viti viwili barazani, akaketi kwenye kimoja akitazama ile miiba. Chai ya baba mdogo iliwekwa na ikapoa. Kanisani baba mdogo alihamia benchi la mbele ili asimwone. Watu nao hawakutusaidia. Kila nilipopita sokoni nilisikia vicheko, na mama mmoja aliniuliza kama sasa ndizi zile zinaweza kuliwa, maana mwenyewe hakuwemo. Baba hakumlaumu Daktari hata mara moja. Jambo hilo liliniudhi kuliko vyote. Alisema tu, “Ni mimi nilimpa.”

Jumapili moja aliniambia nishike jogoo. Hatukuwa na mgeni. Alimchinja mwenyewe, akakaa jikoni mpaka nyama ikaiva, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akachukua firigisi kwa mkono wake, akaiweka peke yake katikati ya sahani, akaifunika kwa sahani nyingine.

“Peleka kwa mdogo wangu,” alisema. “Usiseme kitu. Ataelewa.”

Nilizunguka njia ya barabarani kwa kuwa mwanya umezibwa. Nilimkuta baba mdogo mlangoni kwake, kiti kikiupa ua mgongo. Amekonda. Nilipiga goti, nikamnyooshea sahani. Alifunua. Aliitazama ile firigisi muda mrefu, nikasema moyoni, Mungu wangu, ataichukua.

Alifunika.

“Nilimwambia nitaikula siku akienda,” alisema. “Mwambie hajaenda.”

Nilimsihi. Nilimwita baba, bila “mdogo”. Akaingia ndani, akaufunga mlango.

Nikarudi na sahani yangu. Kwenye kona ya barabara, ambapo hakuna boma linaloona, nilisimama. Kutoka hapo kichaka cha migomba ya babu kinaonekana, na nyuma yake paa la nyumba yetu, na nilijua baba yuko barazani akingoja. Nilijaribu kuyapanga yale maneno nitakayompelekea. Hayakupangika. Kuyasema yale mbele ya mzee wa goti bovu, aliyekaa jikoni akingoja firigisi iive, hapana.

Nikafunua sahani nikaila. Nilisimama barabarani, mwanamke mzima, nikatafuna kitu ambacho mama yangu hakuwahi kukionja. Ilikuwa ngumu na imezidi chumvi. Baba ndiye aliyeitia. Niliimeza yote.

Baba alinyoosha shingo aliponiona.

“Amekula?”

“Amekula.”

“Yote?”

“Yote, baba.”

Alifumba macho, akakaa hivyo. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akakipangusa kile kiti cha mpira wa baiskeli kwa mkono wa shati lake, akakigeuza kielekee kwenye ua.

“Basi weka maji ya chai,” aliniambia. “Anakuja.”

Nikaenda kuweka maji.